Kazi Kabla ya Cheo

Mwaka 1877 mwalimu wa Kiingereza aitwaye Caroline Thackeray alishuka Unguja kuja kufundisha shule ya wasichana ya Mbweni, kusini kidogo ya mji. Shule ilikuwa ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa yaliyokamatwa baharini. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa miaka minne tu nyuma, 1873, na Askofu Edward Steere alikuwa bado anajenga kanisa kuu juu ya kiwanja chake. Wavulana walikuwa na shule yao Kiungani, ambako wenye vichwa vyepesi waliandaliwa kuwa walimu na makasisi. Mbweni iliandaa wake zao.

Hakuna aliyelificha kusudi hilo. Wamisionari walihofu kwamba mwalimu kijana akipelekwa bara bila mke Mkristo ataoa huko huko, na nyumba yake itamvuta upande mwingine. Basi binti wa Mbweni alifundishwa kusoma na kuandika, Biblia, hesabu, kushona na kufua, na yule aliyeonekana hana mkono wa vitabu aliongezewa sindano na beseni. Baadaye vijana wa Kiungani na mabinti wa Mbweni walioana, wakapelekwa Masasi, Magila, wengine mpaka Nyasa. Kufika huko, mpango ukapindika. Misheni ilitaka shule za wasichana, na mara nyingi mwanamke pekee aliyejua kusoma kituo kizima alikuwa ni huyo mke wa mwalimu. Aliyeandaliwa kuwa mke wa mwalimu akawa mwalimu.

Thackeray mwenyewe hakuolewa. Aliongoza shule ile mpaka 1902, akabaki Mbweni hadi alipofariki 1926. Kwa robo karne mwanamke asiye na mume, aliyevuka bahari kwa hiari yake, akashika hesabu za shule na kuamuru mafundi, aliwafundisha wasichana wa Kiafrika kwamba mahali pa mwanamke Mkristo ni nyumbani kwa mumewe. Sidhani alikuwa mnafiki. Aliamini alichofundisha, na maisha yake yalikuwa yamekwenda njia nyingine kwa sababu kazi ilimhitaji.

Nimeanza Mbweni makusudi. Mjadala wa nafasi ya mwanamke na mwanamume katika Ukristo huwa tunauanzia kwenye mistari, kana kwamba watu walikaa kwanza wakaafikiana juu ya maana ya Maandiko, ndipo wakagawana kazi. Katika makanisa yetu ya Afrika Mashariki mambo yamekwenda kinyume. Haja hugawa kazi kwanza. Mwanamke huanza kufanya jambo kwa sababu hakuna mwingine wa kulifanya, miaka inapita, na mistari huitwa baadaye kuja kuamua kama aliyekuwa akifanya alikuwa na haki ya kufanya.

Mistari yenyewe si mingi. Kwa upande wa ndoa ni Waefeso 5, Wakolosai 3 na 1 Petro 3. Kwa upande wa ibada ni 1 Wakorintho 11 na 14, pamoja na 1 Timotheo 2, ambayo ndiyo hutajwa zaidi mwanamke anapotaka mimbari. Nyuma ya yote kuna sura tatu za mwanzo wa kitabu cha Mwanzo. Mbele ya mistari hiyo husimamishwa Wagalatia 3:28, pale Paulo anapofuta, ndani ya Kristo, mpaka kati ya Myahudi na Myunani, mtumwa na mtu huru, mwanamume na mwanamke. Upande mmoja husema: utu ni sawa, wajibu ni tofauti, na uongozi wa mume nyumbani na wa wanaume kanisani ni mpango wa Mungu tangu Edeni. Wamarekani wa upande huo waliuandika msimamo wao mwaka 1987 katika Tamko la Danvers, na vitabu vyao vimejaa kwenye maduka ya Kikristo ya Nairobi na Dar es Salaam. Upande wa pili husema utawala wa mume ulikuja na anguko, si na uumbaji, na Kristo alikuja kuuondoa. Kila upande una wasomi wake, na hakuna upande unaosoma Biblia tofauti na ya mwenzake.

Ugumu uko ndani ya Paulo mwenyewe. Katika 1 Wakorintho 11 anatoa maelekezo jinsi mwanamke anavyopaswa kujifunika kichwa anaposali na kuhutubu kwa unabii mbele ya kusanyiko. Sura tatu mbele, katika barua ile ile, anasema wanawake wanyamaze katika kanisa na kama wana swali wakawaulize waume zao nyumbani. Mtu hawezi kupanga mavazi ya mhubiri kisha akamaanisha kwamba mhubiri huyo hatakiwi kufungua kinywa. Ndiyo maana wasomaji wengi wanaiona sura ya 14 kama katazo la fujo ya aina fulani katika kusanyiko lile, si la sauti ya mwanamke kwa jumla. Wengine huenda mbali zaidi, kwa kuwa katika baadhi ya nakala za kale mistari hiyo miwili imewekwa mahali pengine, mwishoni mwa sura, jambo linalowafanya wadhani iliandikwa pembeni na mnakili. Mimi si mtaalamu wa nakala. Ninachoona ni kwamba makanisa mengi yaliyoamua kuwa kitambaa cha kichwa ni desturi ya Korintho yameamua papo hapo kwamba kunyamaza ni amri ya milele, ingawa kuhusu kitambaa Paulo anatoa hoja ya uumbaji, kwamba mwanamke alitoka kwa mwanamume, wakati kuhusu kunyamaza katika barua ile hasemi neno juu ya Adamu.

Halafu kuna Warumi 16, sura ambayo wahubiri huipita haraka kwa sababu ni salamu tupu. Watu wanaosalimiwa humo wana kazi. Fibi ni mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho, na anatambulishwa kwa Warumi wampokee na kumsaidia. Wasomi wengi wanaamini ndiye aliyeibeba barua yenyewe. Priska na mumewe Akila wana kanisa nyumbani mwao, na katika Matendo ya Mitume 18 hao wawili wanamchukua Apolo, msemaji hodari kutoka Aleksandria, na kumfundisha njia ya Bwana sawasawa zaidi. Mwanamke alikuwamo katika kumfundisha mhubiri mwanamume, na mwandishi wa Matendo anasimulia bila kushtuka. Filipo mwinjilisti alikuwa na mabinti wanne waliotabiri. Hawa wote walikuwa kazini wakati barua zikiandikwa.

Waefeso 5 inastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayosomwa kwenye harusi zetu kuliko nyingine yoyote.

Sura ile, ikiunganishwa na mwanzo wa sura ya 6, inapita katika jozi tatu: wake na waume, watoto na wazazi, watumwa na mabwana. Mpangilio huo Paulo hakuubuni. Aristotle, miaka zaidi ya 300 kabla yake, aliigawa nyumba ya Kigiriki katika jozi hizo hizo alipoandika juu ya siasa, na wasikilizaji wa Efeso waliufahamu kama tunavyofahamu sisi ratiba ya kikao cha harusi. Kwa Aristotle, hata hivyo, anayesemeshwa ni mwenye nyumba: atawaleje mkewe, watoto wake, watumwa wake. Katika barua hii wanaosemeshwa ni wote, na mwenye nyumba anaambiwa mambo ambayo hakuwahi kuambiwa. Mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe, na kipimo ni Kristo aliyejitoa kufa. Kabla ya neno lolote kwa wake, mstari wa 21 umekwisha kuwaambia Wakristo wote wanyenyekeane wao kwa wao.

Jozi ya tatu ndiyo inayotuumiza sisi watu wa pwani. Watumwa wanaambiwa wawatii mabwana wao kwa hofu na kutetemeka. Mistari hiyo ilitumika sana na wenye mashamba wa Marekani kutetea minyororo. Lakini Steere alipojenga madhabahu juu ya soko la Mkunazini, hakuna aliyefikiri kwamba anamwasi Paulo. Ukristo ulikuwa umekwisha kuamua, baada ya ugomvi mrefu, kwamba maagizo yale yalimsemesha mtumwa katika hali aliyokuwamo bila kuubariki utumwa wenyewe. Kisha wasomaji wale wale, wakirudi mistari michache nyuma kwenye wake na waume, walifika kwenye agizo lenye umbo lile lile na kuliita mpango wa milele wa Mungu.

Wapo wenye jibu, na jibu lao lina uzito. Utumwa, wanasema, hauna mzizi katika uumbaji, wakati ndoa inao. Na katika 1 Timotheo 2 Paulo anapokataza mwanamke kufundisha na kumtawala mwanamume anataja kwamba Adamu aliumbwa kwanza. Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Ila nikumbushe tu kwamba barua ile iliandikwa kwa kijana aliyeachwa Efeso kupambana na walimu wa uongo, kwamba miongoni mwa waliokuwa wakidanganywa walikuwamo wanawake, na kwamba kabla ya katazo kuna agizo ambalo katika ulimwengu ule lilikuwa geni: mwanamke na ajifunze.

Wamisionari walituletea mistari hii ikiwa imefungwa pamoja na nyumba ya Kiingereza au ya Kijerumani ya karne ya 19, ambamo baba anatoka kwenda kazini na mama anabaki ndani na watoto. Nyumba hiyo haikuwapo hapa. Mwanamke wa Kihaya, wa Kichaga, wa Kibondei alikuwa shambani na sokoni, na chakula cha nyumba kilitoka katika jembe lake. Kanisa lilipomfundisha kuwa tegemezi wa mume, halikumpunguzia jembe hata siku moja. Mila zetu nazo zilikuwa na utawala wao wa wanaume, tusijidanganye. Mzee wa ukoo na mmisionari walikosana juu ya mambo mengi, lakini katika jambo hili walielewana haraka mno.

Kilichotikisa maelewano hayo kwa mara ya kwanza hakikutoka chuo cha theolojia. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto uliotokea baadaye ulishika hospitali ya Gahini, Rwanda, na katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndio uamsho uliotupa Walokole. Shina lake lilikuwa kuungama hadharani, na mtu hawezi kuungama kwa niaba ya mwingine. Mke alisimama katika mkutano akasema dhambi zake, na mume akasimama akasema zake, mara nyingi zikiwemo alizomtendea mke aliyekaa upande wa pili wa ukumbi. Watu waliokuwa hawajawahi kusikia mwanamume akimwomba mkewe radhi walisikia hivyo wiki baada ya wiki. Katika Buganda, ambako mila iliwakataza wanawake kula kuku na mayai, familia za Walokole ziliketi mezani pamoja, na mke akala kuku. Kwa jirani aliyekuwa akichungulia, hilo lilieleza ndoa ya Kikristo kuliko mahubiri.

Tusiutie uamsho chumvi. Majina yaliyobaki katika vitabu vya historia yake ni ya wanaume kwa wingi, na Walokole wa leo wanaweza kuwa wagumu kuliko babu zao. Lakini kizazi kimoja kilizoea sauti ya mwanamke akishuhudia mbele ya mkutano, na mazoea hayo yaliingia mpaka kwa wale waliokuja kuwa maaskofu.

Mmoja wao alikuwa Festo Kivengere, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma na ambaye tangu 1972 alikuwa Askofu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Alikuwa na kisa alichopenda kukisimulia kwa kujicheka. Siku moja alikosana na mkewe, Mera, akaondoka nyumbani kwa hasira kwenda kusali na ndugu. Njiani akasikia moyoni kwamba yeye anaweza kwenda kwenye sala yake, lakini Mungu atakuwa jikoni na Mera. Akageuza njia, akarudi kuomba msamaha. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin, Festo na Mera walivuka milima usiku kwa miguu kukimbilia Rwanda. Aliporejea alikuta dayosisi ambayo wanawake walikuwa wamesaidia kuibeba katika miaka ile mibaya. Desemba 1983, huko Kabale, aliwawekea mikono wanawake watatu kuwa makasisi.

Mwaka huo huo, ng'ambo ya pili ya ziwa, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimpa Lucia Okuthe ukasisi. Kanisa la Kianglikana la Kenya lilikuja kulipitisha jambo hilo kwa taifa zima mwaka 1990. Yaani kwa miaka saba kulikuwa na kasisi mwanamke anayebatiza, anayezika na kuadhimisha Meza ya Bwana, huku vikao vikiendelea kujadili kama yawezekana.

Si ajabu ya kwetu tu. Mwanamke wa kwanza kuwa kasisi katika ushirika wa Anglikana duniani ni Florence Li Tim-Oi wa Hong Kong, 1944. Vita vilikuwa vimezuia makasisi kufika Macau, waumini walikuwa bila ushirika mtakatifu, na yeye, akiwa shemasi, alikuwa amekwisha kushika kila kazi nyingine. Askofu Ronald Hall akaona heri kumpa daraja kamili kuliko kuendelea kuzungushazungusha kanuni. Vita vilipokwisha, wakubwa waliudhika, na Li akaacha kutumia ukasisi wake bila kuukana. Haja ilipoondoka, cheo nacho kikawekwa kando.

Kwa Wapresbiteri wa Afrika Mashariki, Nyambura Njoroge alikuwa wa kwanza, mwaka 1982. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliamua mwaka 1990, na mwaka uliofuata wanawake wa kwanza wakabarikiwa kuwa wachungaji. Kanisa Anglikana Tanzania limeziachia dayosisi zijiamulie, na zile zenye mizizi ya UMCA zimekuwa nzito kuliko nyingine. Yaani kule kule walikopelekwa mabinti wa Mbweni. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2021, Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo mnamo Januari, na Septemba Rose Okeno akawa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika kanisa hilo la Kenya.

Orodha hiyo inaweza kumfanya msomaji adhani mto unatiririka upande mmoja. Hapana. Simeo Ondeto na mwanamke kijana, Gaudencia Aoko, walipojitenga na Kanisa Katoliki katika Nyanza mwaka 1963 na kuanzisha Legio Maria, Aoko ndiye aliyevuta umati. Alihubiri, akaponya, akabatiza. Miaka michache baadaye vyeo vilipopangwa kwa mfano wa kanisa walilotoka, vyenye madhabahu vilikwenda kwa wanaume, naye akajiondoa. Wasabato wana kisa cha namna hiyo kwa kipimo kikubwa. Miongoni mwa waanzilishi wao ni Ellen White, ambaye maandiko yake husomwa kila wiki kutoka Upareni hadi Kisii. Julai 2015, wajumbe wao wa dunia nzima waliokutana San Antonio, Marekani, walipiga kura kama kanda mbalimbali ziruhusiwe kujiamulia kuwawekea mikono wachungaji wanawake. Hapana zilikuwa 1,381, ndiyo 977.

Na Walutheri. KKKT ilipokuwa na zaidi ya miaka kumi ya wachungaji wanawake, kanisa dada la Kiinjili la Kilutheri nchini Kenya lilikuwa limekataa katakata. Mwezi Februari 2005 Askofu Walter Obare wa Kenya alisafiri mpaka Gothenburg, Sweden, akamweka wakfu Arne Olsson kuwa askofu wa Waswidi waliokataa wachungaji wanawake, katika nchi ambayo sheria iliwaruhusu tangu 1958. Shirikisho la Walutheri Duniani lilikasirika. Miaka mia moja na zaidi baada ya Waswidi kuanza kutuma wamisionari Afrika, Mwafrika alikwenda kuwatumikia Waswidi waliohisi wameachwa na kanisa lao. Mtu aweza kupinga alichokifanya Obare, nami napinga, lakini asiseme kwamba Waafrika katika jambo hili ni vibaraka wa mzungu yeyote. Wanaowabariki wanawake wanaambiwa wamefuata Ulaya. Wanaowakataa wanaambiwa wamefuata wamisionari wa zamani. Kila mmoja ana Biblia yake mkononi, na hiyo hakuiazima kwa mtu.

Kanisa Katoliki linasimama mahali pake. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alitamka kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapadrisha wanawake, kwa kuwa Kristo aliwachagua wanaume kuwa Mitume. Hoja haihusu uwezo. Roma haijasema katika hati hiyo kwamba mwanamke hawezi kuhubiri vizuri. Watu wa Kiprotestanti hupenda kuliona Kanisa hili kama la mwisho katika foleni. Wanasahau masista. Mwaka 1910, huko Buganda, lilizaliwa shirika la Bannabikira, mojawapo ya mashirika ya kwanza ya masista wa Kiafrika. Katika jamii ambako binti asiyeolewa hakuwa na jina wala shamba, na mahari yake ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na wajomba, Kanisa lilimwambia anaweza kukataa ndoa kwa heshima, akasoma, akaendesha shule na zahanati, na kuzikwa na wenzake waliomwita dada. Wazazi wengi walipigana na uamuzi huo. Sijui fundisho jingine la Kikristo la enzi ile lililompa msichana wa Kiafrika mlango mwingine zaidi ya ule wa mume.

Nako chini, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo ambazo maaskofu wa ukanda huu walizifanya msingi wa uchungaji tangu miaka ya 1970, mambo ni yale yale ya Mbweni. Anayebisha hodi kwa mgonjwa, anayekumbuka nani hajabatizwa, anayechangisha sanda, ni mama. Mwenyekiti anaweza kuwa baba, naye hufika.

Tumezungumza juu ya wanawake sura nzima, kama kawaida ya vitabu vya namna hii. Wanaume wako wapi katika mafundisho haya? Rudi Waefeso 5 uhesabu. Wake wana mistari mitatu, 22 hadi 24. Waume wana karibu yote iliyobaki mpaka mwisho wa sura, wa 25 hadi wa 33. Paulo aliona kazi kubwa iko upande gani. Sasa tazama harusi ya Kikristo ya Dar es Salaam. Bibi harusi anafanyiwa kicheni pati, anakalishwa na akina mama wa kanisa na somo wake, anafundwa kupika, kunyenyekea, kutunza siri ya nyumba, kumpokea mume akirudi amechelewa. Kuna mchango, kuna sare, kuna mshereheshaji. Bwana harusi anapata maongezi ya nusu saa na mchungaji, na wazee wanamwambia awe mwanamume. Mwenye mistari mitatu anafundwa wiki nzima. Wahenga ambao hawakuwa wamesikia habari za Paulo walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Hata wao walianza na wajibu wa mume.

Matokeo yake huonekana ofisini kwa mchungaji. Mwanamke anakuja na jicho lililovimba, anaambiwa avumilie, aombe, amshinde mumewe kwa mwenendo safi, na 1 Petro 3 inafunguliwa kwenye mstari wa kwanza. Ni nadra kuisoma mpaka wa saba. Hapo Petro anawageukia waume na kuwaambia waishi na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kwa kuwa ni warithi pamoja nao, ili maombi yao yasizuiliwe. Hilo ni tishio la kanisani hasa: mume asiyemheshimu mkewe sala zake haziendi. Sharika nyingi zina utaratibu kamili kwa binti aliyepata mimba kabla ya ndoa. Anatengwa na Meza ya Bwana, jina lake linaandikwa, baadaye anarudishwa mbele ya watu wote. Mzee wa kanisa ambaye mtaa mzima unajua anampiga mkewe hana utaratibu wake. Jumatatu kikao kikianza, yeye ndiye anayeombwa asimame afungue kwa sala.